Hela yako inalala wapi?



Vijana wenzangu, kila mwaka kati ya tarehe 1 Septemba na tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, Mama Kanisa anatualika kusali na kutenda kwa ajili ya kazi ya uumbaji. Parokiani kwetu hapa Tanga tunafanya yale mnayoyajua: tunapanda miti nyuma ya ukumbi, tunaokota chupa za plastiki ufukweni, tunapiga picha, tunarudi nyumbani tumechoka lakini tuna furaha. Sina neno baya juu ya hayo. Miti ya mwaka juzi, ile iliyosalimika na mbuzi, sasa inatoa kivuli.

Safari hii dada mmoja wa kikundi chetu, mwalimu wa shule ya msingi, alileta swali ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alisema: "Mimi napanda miti mitano kwa mwaka, siku moja tu. Akiba yangu iko benki miezi yote kumi na miwili. Hivi hiyo hela huko iliko, inapanda au inakata?"

Watu walicheka, nami nilicheka. Ila nimekaa nalo swali hilo wiki kadhaa na naona halichekeshi. Tumefundishwa kuungama tulichofanya kwa mikono na kwa midomo. Tulichofanya kwa akiba hatukiulizi kabisa.

Tumezoea kusema hela "imelala" benki. Haijalala. Benki inabakiza kiasi kidogo cha kuwapa wanaokuja kutoa, na nyingine inakopeshwa: kwa mwenye lori, mwenye kiwanda, mkulima mkubwa wa mkonge, serikali. Mfuko wa pensheni unaokukata kila mwezi nao haufukii makato yako ardhini. Unanunua hatifungani za serikali, unaweka amana, unajenga majengo. Kwa hiyo mwalimu wetu, ambaye hajawahi kushika panga, kila mwezi anatuma kibarua mahali fulani kufanya kazi asiyoijua. Kibarua huyo ni hela yake. Harudi kusimulia alichofanya, anarudi na faida tu.

Tuanze na jambo la chini kabisa, mkaa. Tukiona lori la mkaa linashuka kutoka Handeni au Kilindi tunasema, "Tazama hawa wanavyomaliza misitu." Tunamlaumu mchomaji. Lakini mchomaji mara nyingi hana hata hela ya kununua shoka jipya. Anayeanzisha safari ya gunia lile ni mwenye mtaji. Anampelekea mchomaji unga, sukari, na elfu ishirini ya mtoto mgonjwa, halafu wanaandikiana: utanilipa kwa magunia. Kuanzia hapo mchomaji anadaiwa, na deni lake linahesabiwa kwa miti. Akitaka kupumzika msimu mmoja ili kichaka kiote tena, hawezi, kwa sababu deni halipumziki. Ukimpelekea semina ya mazingira mtu huyo atakusikiliza kwa adabu, atakunywa soda yako, na kesho ataingia msituni. Hana ukaidi wowote. Amefungwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho sikukisikia kwenye mahubiri wala darasani. Kila mkopo ni ahadi juu ya kesho. Anayekopesha anasema: naamini kesho kitu fulani kitakuwepo, na kutokana nacho hela yangu itarudi. Basi swali la kumuuliza mtu kabla ya kutoa hela ni rahisi, hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza analielewa: ili hela yangu irudi, ni kitu gani lazima kiendelee kuwepo, na ni kitu gani lazima kiishe? Kwa tajiri wa mkaa jibu liko wazi. Ili hela yake irudi, mti lazima uanguke.

Sasa njooni mjini kwetu. Tanga tuna bahati ya ajabu, au niseme mtihani wa ajabu: miaka hii tumeletewa fedha za aina mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zimeandikwa juu ya maji, ardhi na hewa yetu.

Ya kwanza ni ya maji. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga Uwasa, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12. Ni ya miaka 10, riba yake asilimia 13.5 kwa mwaka, na iliandikishwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wawekezaji waliitikia kuliko ilivyotarajiwa. Kwa lugha ya mtaani: badala ya kusubiri fungu kutoka hazina tu, au kwenda kukopa nje, mamlaka ya umma iliwaendea watu na taasisi zenye hela ikasema, tukopesheni tupanue mitambo na mabomba, tutawalipa kutokana na bili za maji.

Tanga tunakunywa Mto Zigi. Maji yanashuka kutoka misitu ya Amani huko Usambara Mashariki, yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani, yanasafishwa, yanakuja bombani. Msitu wa Amani ukikatwa, Zigi unakuwa tope masika na kijito kiangazi. Mamlaka inalijua hilo. Ndiyo maana kwa miaka mingi imeshirikiana na wakulima wa kule juu, wale wa umoja wao wa UWAMAKIZI, ili walime bila kuharibu kingo za mto. Rudini kwenye lile swali letu. Ili hela ya mwenye hatifungani irudi, ni kitu gani lazima kiendelee kuwepo? Mto. Na ili mto uwepo, msitu. Mtu aliyeko Dar es Salaam ambaye hajawahi kuiona Amani, ambaye pengine alinunua hatifungani ile kwa sababu ya asilimia 13.5 tu, leo ana sababu ya kutaka miti ya Amani isimame. Hakuongoka. Mkataba ndio umemweka upande wa mti.

Nisiwadanganye lakini. Neno "kijani" linaweza kupakwa juu ya chochote, kama rangi. Na hiyo riba hailetwi na malaika. Asilimia 13.5 ya bilioni 53 ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka, na chimbuko lake ni bili: ya hoteli, ya kiwanda, na ya mama lishe anayeosha masufuria pale stendi. Kama siku moja bei ya maji itapanda hadi mama lishe arudi kisimani ili mwekezaji alipwe vizuri, basi tutakuwa tumeulinda msitu kwa mgongo wa maskini. Katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si', Papa Fransisko anakataa kabisa kutenganisha mambo hayo mawili. Kwake kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa kwa sikio moja. Kwa hiyo hatifungani ya kijani haiwi njema kwa jina lake. Inakuwa njema mwaka hadi mwaka, mtu akiendelea kuuliza.

Fedha ya pili ni ya mafuta. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linaanzia Kabaale, Hoima, nchini Uganda, na linaishia hapa kwetu Chongoleani. Urefu wake ni kilomita 1,443, na karibu asilimia 80 ya njia iko Tanzania. Mafuta ya Uganda ni mazito kama nta, kwa hiyo bomba lenyewe linabidi lipashwe moto hadi nyuzi 50 ili yapite. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, shirika la mafuta la Uganda asilimia 15, CNOOC ya China asilimia 8, na TPDC asilimia 15. TPDC ni shirika la umma. Yaani mimi na wewe na bibi yako, tupende tusipende, tuna kipande cha bomba lile. Hapo usiseme "wao". Sema "sisi".

Kuna wanaotarajia niandike hapa kwamba bomba ni dhambi. Subirini kidogo. Ninawajua vijana wenzetu waliopata ajira yao ya kwanza ya maana kwenye mradi ule, wamejenga, wameoa kwa ndoa takatifu, wanatoa zaka. Uganda ina haki ya kuuliza kwa nini nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne moja ziiambie yenyewe iache yake ardhini. Laudato Si' yenyewe inasema nchi za kaskazini zina deni la kiikolojia kwa nchi za kusini. Benki nyingi kubwa za Ulaya zimetamka hadharani kwamba hazitaukopesha mradi huu. Inawezekana zimefanya vizuri. Ila benki inayoinyima Uganda mkopo huku ikiendelea kukopesha kampuni za mafuta kwao, mimi siiti ni utakatifu. Mfarisayo naye alifunga mara mbili kwa juma.

Matokeo ya benki hizo kujitoa yanafaa kuangaliwa, kwa sababu yanaonyesha nguvu ya fedha kuliko hotuba yoyote. Mradi ulichelewa, na wenye hisa walibidi watangulize fedha zao wenyewe wakati mikopo inatafutwa. Machi 2025 ndipo kampuni ya bomba ilipotangaza kupata sehemu ya kwanza ya mikopo ya nje, kutoka benki za Afrika na taasisi moja ya fedha ya nchi za Kiislamu. Maandamano yalifanyika, bunge la Ulaya lilipitisha azimio mwaka 2022, makala ziliandikwa. Kilichobadilisha ratiba ni saini iliyokosekana kwenye karatasi ya mkopo.

Sasa tuulize lile swali letu. Ili fedha ya bomba irudi, ni kitu gani lazima kiendelee kuwepo? Mapipa. Bomba limepangwa kuweza kupitisha mapipa 246,000 kwa siku, na lazima yapite miaka mingi, yanunuliwe, yachomwe. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema kwamba dunia ikitaka kweli kulizuia joto lisizidi nyuzi 1.5, haihitaji kufungua maeneo mapya ya kuchimba mafuta. Basi kesho ziko mbili. Kesho ya kwanza: dunia inaendelea kuchoma, mkopo unalipwa, na joto linapanda. Kesho ya pili: dunia inaacha kuchoma mapema, joto linaacha kupanda, na bomba linabaki chini ya ardhi na madeni yake juu ya ardhi, na baadhi ya wadaiwa ni mashirika ya umma. Katika kesho zote mbili kuna mtu maskini anayelipa. Katika ile ya kwanza analipa kwa mvua, katika ile ya pili kwa kodi.

Angalieni pia mji wetu ulipo. Hatifungani ya maji imeahidi kwamba mvua za Amani zitaendelea kunyesha kwa zamu yake. Bomba limeahidi kwamba mafuta yataendelea kuchomwa. Ahadi hizi mbili zimetolewa katika mji mmoja, na kwa mtazamo wa uumbaji zinagombana. Kusini mwa jiji tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka zamani sana. Baba zetu wavuvi walikuwa wanamvua bila kujua ana jina kubwa. Hakuna aliyemuuliza silikanti anaona ahadi ipi ni nzuri.

Msimamo wangu ni huu, na mtu anaruhusiwa kunipinga: hela yangu ya hiari nisingeiweka kwenye bomba, hata kama lingenipa faida nono. Na kijana anayechomelea vyuma pale Chongoleani sitamwita mdhambi. Hayo hayapingani, na nitaeleza kwa nini.

Mafundisho ya maadili ya Kanisa yanatofautisha namna za kushiriki katika ubaya. Kuna anayekusudia ubaya wenyewe, na kuna ambaye kazi yake inauchangia bila yeye kuukusudia. Kati ya hao wa pili kuna aliye karibu na aliye mbali, kuna ambaye bila yeye jambo lisingefanyika na kuna ambaye lingefanyika tu. Aliyepanga, akajua madhara, akayaficha ili asaini, hayuko sawa na mwalimu mwenye laki nane benki. Ila Katekisimu, namba 1868, inapotaja njia za kushiriki katika dhambi za wengine, inataja pia kunyamaza na kutozuia pale tulipo na wajibu wa kuzuia. Kuwa mbali kunapunguza lawama. Hakutupi ruhusa ya kufumba macho. Na kijana wa Chongoleani ana jambo ambalo mwekezaji hana: anahitaji chakula leo. Mwenye akiba anachagua, mwenye njaa mara nyingi anachaguliwa. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II katika Centesimus Annus, mwaka 1991, alifundisha kwamba uamuzi wa kuwekeza hapa badala ya pale ni uamuzi wa kimaadili sikuzote. Hakuuacha uwe hesabu tu. Mwaka 2022 Taasisi ya Kipapa ya Sayansi Jamii ilitoa mwongozo mzima kwa waamini wanaowekeza, Mensuram Bonam. Wangapi wetu tumeusikia? Mimi nimehudhuria semina nyingi za ujasiriamali kwenye kumbi za Kanisa, na sijawahi kuusikia ukitajwa. Tunachosikia ni mfano wa talanta, Mathayo 25, na yule mtumishi aliyefukia fedha. Sawa. Lakini katika mfano ule fedha ni ya Bwana, na ni Bwana anayefanya hesabu. Yule mtumishi mvivu hakupewa nafasi ya kusema, "Bwana, faida ni hii, usiniulize ilivyopatikana."

Kuna na Nabothi, 1 Wafalme 21. Huyu namfikiria sana nikipita mkuza wa bomba. Tunasahau kwamba mfalme Ahabu alianza vizuri. Alitoa ofa: shamba jingine lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Kwa macho ya benki yoyote, Nabothi alikataa biashara nzuri. Alikataa kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake, na kuna vitu ambavyo kuwa na bei hakuvifanyi viwe vya kuuzwa. Ubaya ulikuja baadaye, kwa barua zilizopigwa mhuri wa mfalme. Sisemi bomba ni shamba la Nabothi. Wengi walilipwa fidia, na wapo walioridhika. Wapo pia waliofanyiwa tathmini wakasubiri miaka kabla ya kulipwa, huku wakisitasita kupanda mazao ya kudumu kwenye shamba ambalo si lao tena wala bado si la mwingine. Tathmini inajua bei ya mwembe. Kivuli chake, na kaburi lililo chini yake, vinakadiriwa kwa shida. Fedha inapokuja na mhuri wa umma, Mkristo aliye ofisini, mthamini, mwanasheria, mtendaji wa kijiji, anatakiwa kuogopa kidogo. Siku hizi vijana wetu wengi ndio wanaoshika mihuri hiyo.

Nimetaja umma mara nyingi kwa sababu kuna hatari ya kudhani uovu ni wa matajiri binafsi na serikali ni mwamuzi tu. Serikali ndiyo mwenye mfuko mkubwa kuliko wote, na mfuko ule unaweza kukata au kupanda. Mwaka 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini wamekuwa wakiuza mitungi midogo ya gesi kwa ruzuku, mwananchi analipa nusu ya bei. Hiyo ruzuku ni hela ya kodi inayoingia jikoni kumwondoa mama kwenye moshi, na kwa njia hiyo inaugusa msitu wa Kilindi bila kuukaribia. Naona ni jambo jema. Tatizo linakuja mtungi wa kwanza ukiisha. Ruzuku ya siku moja haijazi mtungi wa pili, na mkaa unauzwa kwa kopo, hata ukiwa na jero unapika. Maskini anashindwa bei ya kujaza kwa mpigo mmoja, ingawa kwa mwezi pengine angetumia kiasi kilekile. Hapo anakosa mtu wa kumkopesha mtungi. Hilo nalo ni suala la fedha na mazingira, tena ni dogo kiasi kwamba jumuiya ndogo ndogo ya watu kumi na wawili inaliweza.

Na sisi Kanisa tusikae pembeni. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa: zile zinazolisha zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi Januari 2024, na za zaidi ya 300 hadi Januari 2025. Orodha hiyo ina shule zetu, seminari zetu, hospitali zetu. Kubadilisha jiko la shule nzima kunahitaji mtaji mkubwa kwa mara moja. Bodi inapokaa kupanga bajeti, jiko linashindana na gari na mnara wa kengele. Ukitaka kujua taasisi inaamini nini, soma bajeti yake kabla ya kusoma ubao wa malengo yake pale getini.

Haya yote tuliyazungumza kwenye kikundi, na kama ilivyo kawaida ya Mungu, kabla hatujamaliza kuzungumza akatuletea mtihani wa vitendo. Kikundi chetu kina kikoba. Mwenzetu mmoja, dereva wa bodaboda, aliomba mkopo wa shilingi laki sita. Alikuwa mkweli: anataka kununua mkaa huko juu, aulete mjini, auze kwa jumla. Alikuwa ameshapata mtu wa kumletea.

Kikao kilikuwa kikali. Wengine walisema tukatae, hatuwezi kupanda miti Septemba na kukopesha shoka Oktoba. Wengine walisema mkimkataa ataenda kwenye mikopo kausha damu, na kausha damu hawaulizi kuhusu Laudato Si'. Mmoja akasema kwa hasira kwamba rahisi kupenda msitu ukiwa na mshahara. Alikuwa na haki kusema hivyo. Yule mwalimu, ambaye mambo haya yote yalianza kwake, alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: kama hatutaki achukue faida ya mkaa, nani atamlipa tofauti? Yeye peke yake?

Tulikubaliana hivi. Mkopo apewe, aanze kuuza na kujaza mitungi midogo ya gesi, na kwenye mitaa miwili ya jumuiya yetu awakopeshe mtungi watu wenye shida, wamlipe kidogo kidogo kwa wiki. Kwa kuwa faida yake ni ndogo kuliko ya mkaa na hela inarudi polepole, tulimwondolea riba, na muda wa marejesho tukautoa miezi sita tukaufanya kumi. Maana yake gawio la kila mmoja wetu mwisho wa mwaka litapungua. Tulipiga hesabu ubaoni ili kila mtu aone linapungua kiasi gani kabla ya kunyoosha mkono. Wawili hawakunyoosha, na hatukuwasema.

Mpaka leo amerejesha laki tatu na nusu. Mwezi uliopita alichelewa, kwa sababu familia mbili zilizochukua mtungi kwa mkopo hazijamlipa, na moja ya hizo ina mgonjwa. Ameniambia, kwa utani ambao haukuwa utani sana, kwamba mkaa haungemchelewesha. Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili tuna kikao, na ajenda ya kwanza ni hizo familia mbili: tuzibebe sisi kwenye mfuko wa kikoba, au tumwache azibebe yeye.